Keki ya Salha, Isiyo na Ngano

Shiro, wewe na wenzako mnaobaki na jiko letu la Kariobangi mliniuliza mara nyingi nilipokuwa nafungasha vitu vyangu: Mama Wafula, katika keki zote ulizooka, ni ipi hutaisahau? Kila mara nilijibu kwa mzaha kwamba ni ile ya harusi iliyoanguka kutoka kwa pikipiki hapo barabara ya Outer Ring, bwana harusi akaokota kipande cha juu na kusema kimesalimika. Hilo lilikuwa jibu la kuwaondoa mlangoni ili nipate kufagia. Sasa nimestaafu. Asubuhi nikikaa juani na kikombe cha chai, macho hulegea yenyewe, nikauona unga ukielea mbele yangu kama ulivyokuwa ukielea pale dirishani petu, polepole, bila haraka yoyote ya kushuka. Ni katika nusu usingizi huo ndipo mambo hunirudia sawasawa, kwa hiyo nitaandika kwa mpangilio ule ule yanavyonijia.

Nilianza katika kiwanda kidogo cha mikate nyuma ya soko la Gikomba, kabla sijaolewa. Kazi niliyopewa siku ya kwanza ilikuwa ya kupaka vyombo. Unapaka mafuta ndani ya chombo, unanyunyiza unga wa ngano, unakigeuza na kukigonga, unga uliozidi unaanguka. Kupaka, kunyunyiza, kugonga, tangu alfajiri hadi jua la mchana. Nilirudi nyumbani nimekuwa mweupe hadi kwenye nyusi, mtoto wa jirani akaniona mlangoni akapiga yowe. Usingizini mikono yangu iliendelea na kazi, nikamgonga dada yangu tuliyelala naye kitanda kimoja. Aliniambia nitafute kazi nyingine au kitanda kingine.

Aliyenifundisha kuoka ni Fundi Musyoka, mtu wa maneno machache na tumbo kubwa, aliyesema mwokaji mwembamba hawezi kuaminiwa na mtu. Hakuwa na saa. Alitoa keki kwenye tanuri, akainama na kuitegea sikio kama mtu anayesikiliza habari za siri. "Sikia," akaniambia. "Mbichi inanong'ona. Ikiiva inanyamaza." Nilidhani ananichezea, nikainama kwa heshima tu, na kweli nikasikia mnong'ono mdogo, mwororo, kama mvua inayonyesha mtaa wa pili. Nilisimama pale mpaka ukakatika. Tangu siku hiyo nilipenda kazi hii, na sijui namna nyingine ya kulieleza jambo hilo.

Fundi Musyoka alisema pia kwamba mkono wa mwokaji hautakati. Unaweza kuuosha ukasugua hata kucha, bado una unga. Alilisema kwa majivuno, nami nililibeba kwa majivuno miaka yote, hata nilipofungua jiko langu mwenyewe Kariobangi, kati ya mafundi wa kuchomelea vyuma na mama wa maharagwe. Nilioka keki za umbo la gitaa, la kiatu, na moja ya ng'ombe wa maziwa kwa mzee aliyehamia shamba, ambaye alikataa katakata kumkata kichwa. Tulimkata mkia, sherehe ikaendelea.

Mnajua desturi yetu ya siku ya kuzaliwa huku Eastlands, upande wetu wa mashariki ya jiji, lakini niiandike kwa ajili ya atakayesoma akiwa mbali. Keki haigawiwi kwenye sahani tu. Mwenye siku hukata, akawalisha watu kwa mkono wake, mmoja baada ya mwingine, nyanya kwanza, na kila anayelishwa humlisha naye. Watu hupanga foleni. Mtoto wa miaka mitano anaweza kulishwa na ukoo mzima, majirani, na mlinzi wa geti. Mkono usiokulisha siku hiyo ni kama mkono uliokununia.

Zaituni alipokuja jikoni kwetu nilimfahamu kwa sura, kwani anauza mapazia Gikomba na mimi ni mteja mgumu wa mapazia. Anaishi mtaa wa Donholm. Alikaa kwenye kiti kile cha plastiki kilichovunjika mkono, akatazama magunia ya unga pembeni kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

"Mama Wafula, nina mtoto, Salha. Anafikisha miaka mitano. Hawezi kula ngano. Hata kidogo."

"Anaikataa?"

"Tumbo ndilo linakataa. Daktari alisema kuna kitu ndani ya ngano kinaitwa gluteni. Akila inamharibu tumbo. Linafura, anatapika, anakonda. Hata chapati ikigusa chakula chake ni shida."

Gluteni, wenzangu, ni kile kinachofanya kinyunga kivutike bila kukatika. Nilikuwa nimekisifu maisha yangu yote bila kukijua jina. Nilimuuliza mtoto hula nini kwenye sherehe zake, akaangalia chini.

"Anakula ndizi. Wengine wanakula keki. Mimi nasimama nyuma ya kiti chake na mkono hivi." Akanyoosha kiganja mbele ya uso usiokuwepo. "Nazuia watu wasimlishe. Mwaka jana mama mkwe alimlisha mahamri nikigeuka tu. Tulilala hospitali. Sasa Salha akiona mkono unakuja na chakula anafunga mdomo. Hata mkono wa nyanyake. Mama mkwe anasema nimemfunza mtoto kumchukia."

Hapo akalia, na mimi nikalia kidogo, maana mkwe nilikuwa naye pia, Mungu amrehemu. Niliona wazi anachokitaka. Hakuja kununua keki. Alitaka sherehe moja ambayo mtoto wake angeweza kulishwa na mkono wowote.

Nilimwambia ataipata. Watu wa kazi yetu husema ndiyo kwanza, halafu hutafuta namna.

Tulikubaliana kwamba nitaokea nyumbani kwake, kwa jiko lake na vyombo vyake, kwa sababu humo ngano haijaingia tangu ugonjwa ujulikane. Yeye alisaga mchele, mimi nikaleta uzoefu. Uzoefu haukusaidia. Keki ya kwanza ya unga wa mchele ilipanda vizuri, ikapendeza, nikaikata, ikamwagika mezani kama mchanga wa ujenzi. Mchele hauna cha kujishikia. Salha, mtoto mwenye macho makubwa na maswali makubwa zaidi, aliitazama akasema, "Imekufa?"

Nikamwambia imelala.

Ya pili niliichanganya na ndizi mbivu sana zilizopondwa, zile zenye madoadoa ambazo watu huzitupa, na mayai zaidi ya kawaida, nikaipika kwa moto mdogo. Hii ilishika. Andikeni hili mahali: ndizi mbivu na yai hufanya kazi ya ile gluteni, si yote, lakini ya kutosha mtoto kushika kipande bila kumwaga. Salha alikula kipande kutoka sahani yake, kwa mkono wake mwenyewe, akafumba macho. Nilirudi Kariobangi nikitembea kama niko juu ya mawingu, nikasalimia hata watu nisiowapenda.

Asubuhi yake Zaituni akanipigia. Tumbo la Salha lilikuwa limefura kama ngoma, na alikuwa ametapika kila kitu.

"Si wewe, Mama Wafula," alisema. "Labda ni mchele pia. Labda kila kitu. Wacha tu. Tutamnunulia mdoli. Sherehe hakuna."

Siku nzima nilioka mikate ya watu bila kuisikia ikinyamaza. Niliungua kidole. Nilikuwa na huzuni nzito ambayo sikuwa nimeitarajia kwa ajili ya keki ya mtoto wa watu.

Kesho yake, kabla mama wa maharagwe hajafunika sufuria zake, aliingia mwanamke mrefu mwenye buibui na mkoba wa ngozi, akasimama katikati ya jiko letu. Shiro, wewe ulikuwepo, ulimsalimia "Niaje mathe," akakuangalia mpaka ukarekebisha salamu. Huyo ndiye Bi Mwanaisha, mama mkwe wa Zaituni, mzaliwa wa Majengo, Pumwani.

"Wewe ndiye mwokaji?"

"Ndimi, mama. Karibu kiti."

"Sikuja kukaa." Akakaa. "Mimi mwaka mzima nimesema huu ugonjwa ni uongo wa mkaza mwanangu. Nimesema hataki mtoto ale mkono wangu. Jana nimemshika yule mtoto tumbo, nimelihisi linavyogonga. Na mimi sikumpa kitu. Hata maji sikumpa." Akapangusa pua kwa ncha ya buibui. "Basi ni kweli. Nimemkosea mkaza mwanangu. Sasa nataka kujua kimetoka wapi."

Nilimweleza kila kilichoingia: mchele, ndizi, mayai, sukari, mafuta mapya. Alisikiliza akihesabu kwa vidole vyenye hina iliyofifia.

"Mchele mlisaga wapi?"

"Zaituni alipeleka kinuni, kule karibu na kwao."

"Nyuma ya nani?"

"Nyuma vipi, mama?"

"Nauliza, alisaga nyuma ya nani? Foleni ya kinu, aliyemtangulia nani?"

Wenzangu, mnakijua kinu cha posho. Kila mtu Eastlands anakijua. Unapeleka mahindi yako meupe, unarudi na unga wenye chembe za wimbi la mwenzako, na yeye anabeba kidogo chako, na hakuna anayelalamika kwa sababu ndivyo ujirani ulivyo. Tulimpigia Zaituni simu pale pale. Alifikiri kidogo. Mbele yake, alisema, kulikuwa na mama wa uji. Uji wa kuchanganya: mahindi, wimbi, njugu, na ngano.

Kisha nikasikia Zaituni akisema, "Mama, ni mimi basi. Ni mimi nimemlisha."

Bi Mwanaisha akaninyang'anya simu. "Zaituni, mwanangu, nyamaza. Hakuna aliyejua. Ulimtakia mema. Hata mimi na mahamri yangu nilimtakia mema. Sherehe ipo. Nunua nazi."

Alinirudishia simu na kuniambia kwamba kwao Majengo, zamani kabla keki za dukani hazijateka watoto, kulikuwa na mkate wa kumimina. Mchele haupelekwi kinuni. Unalowekwa usiku mzima, unasagwa ukiwa na maji yake, unamiminwa. Yeye mwenyewe aliacha kuupika wajukuu walipoanza kuuliza kwa nini hauna rangi juu. Alilisema hilo kwa uchungu kidogo, na kwa uchungu huo nilimpenda.

Siku ya kazi niliambiwa nije mikono mitupu. Hakuna aproni, hakuna mwiko wangu wa mbao uliokunywa ngano tangu nianze kazi, hakuna vyombo. Nilioga, nikavaa nguo iliyotoka kwenye kamba, nikaingia Donholm nikijiona mwepesi na mpumbavu, kama mtu aliyeota anakwenda kanisani bila viatu. Bi Mwanaisha alinikagua kucha mlangoni. Nilikuwa nimemwambia yale maneno ya Fundi Musyoka kuhusu mkono usiotakata, na hakuyaona kuwa ya kujivunia.

Mchele ulikuwa umelala majini, umevimba, mweupe mno. Tuliusaga kwa blenda mpya pamoja na tui zito la nazi, sukari, na iliki aliyoitwanga mwenyewe kutoka kwenye maganda, kwa kuwa iliki ya unga hujui imelala na nani. Ukiwa tayari unamiminika kama maziwa yaliyoanza kuganda. Tukatia hamira, tukafunika, tukangoja. Nimeona kinyunga kikiumuka maisha yangu yote, lakini kile cha mchele kiliumuka kwa namna nyingine, kikitoa vipovu vidogo vilivyofunguka na kufunga, vikifunguka na kufunga. Dirishani jua la Donholm lilikuwa limelainika, mapazia ya Zaituni yakivuta pumzi, harufu ya nazi na iliki imejaa nyumba. Nilijihisi mtoto, na sikutaka mtu anitoe hapo.

Kisha tukachapa ute wa mayai, tukauchanganya taratibu. Nikapaka sufuria mafuta, na mkono wangu ukaenda wenyewe pembeni kuchota unga wa kunyunyiza. Ulichota hewa. Ukanyunyiza hewa ndani ya sufuria, na mimi nikaigeuza na kuigonga, kwa ustadi wote.

Bi Mwanaisha alicheka mpaka akashika ukuta. "Zaituni! Njoo umwone fundi wako anapika upepo!"

Zaituni alitoka chumbani akacheka pia, wote wawili wakaegemeana. Nadhani walikuwa hawajacheka pamoja siku nyingi.

Tuliupika kwa moto mdogo chini, kisha ukaenda tanurini ukapate rangi. Bi Mwanaisha alikataza mtu yeyote kufungua mlango wa tanuri, halafu akaufungua yeye. Ulikuwa wa dhahabu juu, na ulipokatwa pembeni ulikuwa na vitundu vidogo kama sega la nyuki. Tukapika na mwingine mdogo kwa ajili ya masikio, kwa sababu Salha alikuwa ameagiza paka. Paka wa waridi, alisema, si wa kahawia. Nilichemsha bitiruti, nikachukua maji yake matone machache nikayatia kwenye tui zito lililochapwa na sukari. Paka akawa wa waridi kama shavu. Macho yalikuwa ya zabibu kavu na sharubu za nazi iliyokunwa.

Mezani hatukuweka chochote cha ngano. Tulikaanga vitumbua vya mchele ule ule, viazi kwenye mafuta ambayo hayajawahi kuona mandazi, kashata za njugu, na bisi beseni zima. Kazi yote ni rahisi, wenzangu. Ukishaondoa ngano nyumbani, mchele, nazi, viazi na njugu zinakuongoza zenyewe. Mgumu ni mgeni. Bi Mwanaisha alisimama mlangoni akipokea wageni kwa salamu ndefu, na kila aliyebeba mfuko alipokonywa kwa upole. "Mashallah, umeleta keki? Nitaiweka mahali pazuri." Mahali pazuri palikuwa ndani ya gari la jirani, limefungwa. Kila mgeni akaelekezwa kwenye beseni na sabuni. Kijana wa boda boda aliyeleta soda aliuliza, "Kwani hapa ni theatre ya operesheni?" Akaoshwa naye.

Watoto waliimba, Salha akakata sikio moja la paka bila huruma. Foleni ikapangwa. Na hapo nikamwona Zaituni akienda kusimama mahali pake, nyuma ya kiti cha mwanawe, mkono umeanza kuinuka wenyewe.

Salha alichukua kipande akamlisha nyanyake. Bi Mwanaisha alitafuna polepole. Halafu akachukua kipande kwa vidole vyake, akakileta mbele ya mdomo wa mtoto, na mdomo ukafunga. Ulifunga kabisa, ukawa mstari. Yule mama mzee hakuusogeza mkono mbele wala hakuurudisha.

"Nyanya," Salha akasema kwa kupenyeza maneno kati ya midomo, "umenawa?"

"Nimenawa, mama."

"Na hii ni ya nini?"

"Ya mchele. Nimeusaga mimi. Hakuna aliyetutangulia."

Salha aligeuka akamtazama mamake juu. Zaituni akaitikia kwa kichwa. Mtoto akamgeukia nyanyake, akafungua mdomo wazi kabisa, kama kifaranga, akala. Kisha akafungua tena. Shangazi akamlisha, jirani akamlisha, mimi nikamlisha kwa mkono huu usiotakata. Kijana wa boda boda alipotaka kupita Salha alimwita arudi. "Na wewe hujanilisha!" Alipokosa foleni mbele yake aliteremka kitini akaenda kuitafuta mwenyewe, akizunguka chumba akiwa amefungua mdomo, akidai haki yake kwa kila mtu mwenye mkono.

Kiti chake kikabaki kitupu. Zaituni alikitazama kidogo, akazunguka kutoka nyuma yake, akakaa. Akavua viatu chini ya meza.

"Mama," alimwambia mkwewe, "nipe na mimi."